Fedha zisizodaiwa: tafuta kwanza, kisha uende mahakamani

Mwanamke mmoja wa makamo alifika katika kituo chetu cha msaada wa kisheria akiwa na bahasha ya kaki yenye nyaraka za marehemu baba yake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndani mlikuwa na barua za uhamisho, risiti za karo, na katikati ya hizo kijikaratasi chembamba cha mgao wa faida ya hisa, kile kinachobaki mkononi baada ya hundi kuchanwa na kupelekwa benki. Jina la baba lilikuwapo, lakini si kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho chake: palikuwa na herufi ya kwanza tu ya jina la ubatizo, kisha jina la ukoo, na jina la katikati halikuonekana kabisa. Anwani ilikuwa sanduku la posta la shule aliyoihama miaka mingi kabla ya kustaafu. Watoto wake hawakuwahi kujua kwamba alikuwa na hisa.

Kwa muda ambao nimewahudumia watu wenye madai ya aina hii, nimeona kwamba fedha nyingi hupotea machoni pa wenyewe kwa sababu hizo hizo mbili, jina lisilolingana na anwani iliyokufa. Hakuna aliyeiba wala kuficha kitu. Hundi inatumwa, hairudi, inayofuata inatumwa, na mwishowe mali hiyo inahesabiwa kuwa haina mdai.

Nchini Kenya, mali ya namna hiyo inasimamiwa na Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011, ambayo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, inayojulikana zaidi kwa ufupisho wake, UFAA. Sheria hii inazitaka benki, kampuni za bima, kampuni zenye wanahisa, waajiri, watoa huduma za pesa kwa simu na taasisi nyingine zinazoshika fedha za watu kuzikabidhi kwa Mamlaka pindi muda uliowekwa unapopita bila mwenyewe kuzigusa wala kuziulizia. Muda huo hautofautiani kwa bahati, bali kwa aina ya mali: akaunti ya benki huhesabiwa kuwa imetelekezwa baada ya miaka 5, mgao wa hisa baada ya miaka 3, na mshahara ambao mfanyakazi hakuuchukua baada ya mwaka 1 tu, ilhali hundi za wasafiri hupewa miaka 15.

Jambo ambalo wengi hulielewa visivyo ni hili: fedha hizo hazigeuki kuwa za serikali. Mamlaka ni mtunzaji. Haki ya mwenye mali, au ya warithi wake, inabaki pale pale hata baada ya fedha kuhama kutoka benki, na sheria haikuweka kikomo cha muda wa kudai. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia wazee wakisema kwamba zilishapelekwa serikalini, kwa hiyo hazirudi tena, na wakaacha kufuatilia haki yao kwa kauli hiyo moja.

Utafutaji wenyewe si mgumu. Mtu anaweza kubonyeza *361# kwenye simu yake, kuingia katika tovuti ya Mamlaka, au kufika mwenyewe katika ofisi zake. Kinachohitaji subira ni namna ya kutafuta. Watu wengi huandika jina lao mara moja, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha sasa, wakiona halipo huamua kwamba hawana chochote. Lakini kompyuta inatafuta jina kama karani alivyoliandika siku ile ya kufungua akaunti au kununua hisa. Mohamed aliyeandikwa kwa o hatapatikana na anayetafuta Muhammad kwa u. Mama aliyefungua akaunti akiwa bado binti anatumia leo jina la mume. Wapo waliobatizwa ukubwani, wapo waliogeuza mpangilio wa majina matatu, na wapo waliojiandikisha kwa kitambulisho cha kizazi cha kwanza kabla ya vile vipya kuanza kutolewa mwaka 1995. Kwa hiyo keti na karatasi, andika kila jina ambalo wewe au mzazi wako aliwahi kulitumia, kila tahajia yake, nambari za simu za zamani na masanduku yote ya posta, kisha utafute moja baada ya jingine. Kwa yule mwalimu tulijaribu mara nne. Jina lake lilijitokeza tulipoandika herufi moja na jina la ukoo, kama lilivyokuwa kwenye kile kijikaratasi.

Kalenda nayo ina maana yake. Taasisi hupiga hesabu ya mali zilizotelekezwa kufikia tarehe 30 Juni na kutakiwa kuziripoti na kuzikabidhi kufikia tarehe 1 Novemba ya kila mwaka. Asiyepata jina lake mwezi wa Septemba anaweza kulipata mwaka unaofuata. Na ikiwa unajua benki au kampuni iliyokuwa na fedha zako, anza nayo, kwa maana huenda bado hazijakabidhiwa, na kuiamsha akaunti iliyolala kwenye benki yenyewe ni njia fupi kuliko kufungua dai.

Ningependa kila familia ifikirie hisa kwa namna ya pekee. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, na Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5, Wakenya wengi walinunua kwa mara ya kwanza maishani mwao, wengine kwa akiba kidogo, wengine kwa mkopo. Tangu hapo watu wamebadilisha benki, wamehama miji, wamefariki. Mgao wa mtu mwenye hisa chache ni kiasi kidogo kwa mwaka mmoja, na hapo ndipo watu huudharau. Lakini mgao ukirundikana kwa miaka mingi, pamoja na hisa zenyewe ambazo bado zina thamani sokoni, huwa ni jambo jingine kabisa.

Mwenye mali aliye hai hana safari ndefu. Atajaza fomu ya madai, ataambatisha nakala ya kitambulisho, cheti cha nambari ya ushuru ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na maelezo ya akaunti ya benki yenye jina lake mwenyewe, pamoja na ushahidi wowote unaomuunganisha na mali: kitabu cha benki, cheti cha hisa, nambari ya mkataba wa bima au barua ya mwajiri. Majina yakitofautiana, ataapa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo kueleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Aliyeko ng'ambo anaweza kumteua mtu kwa hati ya uwakili. Mamlaka haitozi ada kwa dai.

Ugumu unaanza pale mwenyewe anapokuwa ameaga dunia, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo madai mengi yanapokwama. Mtoto huja na cheti cha kifo na cheti chake cha kuzaliwa akiamini kwamba vinatosha. Havitoshi, hata kama hakuna ndugu anayepinga. Kisheria, mali ya marehemu iko mikononi mwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na Mamlaka haiwezi kumlipa mtoto mmoja halafu wengine watano waje kudai fungu lao. Familia inapaswa kuanza kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwatambulisha warithi wote, kisha kuwasilisha ombi mahakamani, au katika Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu wanaochagua njia hiyo. Ombi linapofika mbele ya mahakama isiyo ya Kadhi, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 huachwa kwa mwenye pingamizi. Hati ya usimamizi hutolewa baadaye, na kwa kawaida miezi 6 hupita kabla ya kuthibitishwa, isipokuwa mahakama iruhusu mapema. Hati hiyo iliyothibitishwa ndiyo inayotaja kila mali na kila mrithi.

Ndiyo maana nimeandika katika kichwa cha makala haya kwamba utafute kwanza. Binti wa yule mwalimu alikuwa tayari amekamilisha mirathi miaka miwili kabla ya kuja kwetu. Hati aliyokuwa nayo ilitaja shamba na akaunti moja ya benki, basi. Hisa hazikuwamo, kwa kuwa hakuna aliyezijua, na kwa hiyo hati hiyo, ingawa ilikuwa halali, haikumpa mamlaka ya kuzidai. Ilibidi arudi mahakamani kuomba irekebishwe ili hisa na mgao wake viongezwe, awaite tena ndugu zake watoe ridhaa zao, mmoja wao akiwa amehamia nchi jirani, na alipe tena gharama ambazo angezikwepa kama utafutaji ungefanywa kabla ya ombi la kwanza. Ningekuwa na uwezo, ningelifanya swali hili liulizwe katika kila ofisi inayopokea maombi ya mirathi: je, mmetafuta jina la marehemu miongoni mwa mali zisizodaiwa?

Pale kiasi kilichopatikana ni kidogo na familia haina nguvu ya kumlipa wakili, isikate tamaa. Mdhamini wa Umma, ambaye ofisi yake iko chini ya Mwanasheria Mkuu, anaweza kusimamia mirathi, na vituo vya msaada wa kisheria huandaa nyaraka bila malipo au kwa gharama nafuu. Nakiri hata hivyo kwamba utaratibu huu unawalemea wajane wa vijijini kuliko unavyowalemea wengine, na sioni haki katika mfumo unaomfanya mtu atumie nauli nyingi kuliko fedha anazozifuata. Warithi wenye madai madogo kadhaa hufanya vyema kuyakusanya yote katika ombi moja.

Wapo pia wanaowatafuta warithi kabla warithi hawajajitafuta wenyewe. Mtu hupiga simu akisema ameona jina lako, anataka nakala ya kitambulisho, saini na fungu kubwa la fedha; mwingine hutuma ujumbe kwamba malipo yako tayari ila utume kwanza ada ya usajili. Anayekutaka ulipe ili ulipwe si wa kuaminiwa, na hakuna afisa wa kweli atakayekuuliza nambari ya siri ya simu au ya benki. Ukipokea simu ya aina hiyo, kata, kisha utafute jina lako mwenyewe kwa njia nilizozitaja. Kama umeamua kumtumia wakala, usitie saini fomu tupu, na akaunti ya malipo iwe yako.

Kwa upande wa mali ambayo bado iko mikononi mwako, njia ya kuilinda ni nyepesi: weka au utoe kiasi chochote kwenye akaunti unayoiacha kando, wajulishe msajili wa hisa, anayetunza daftari la wanahisa, na benki unapobadilisha simu au anwani, na omba mgao ulipwe moja kwa moja kwenye akaunti badala ya hundi. Katika chama chako cha akiba na mikopo na kwenye mkataba wa bima, angalia ni nani uliyemteua kupokea. Wengi wetu tuliandika jina la mzazi tulipoajiriwa, na mzazi huyo ameshatangulia. Kisha uandike kwenye ukurasa mmoja majina ya benki, kampuni, chama na bima ulizonazo, bila nambari za siri, na umwonyeshe mwenzi wako au mtoto mkubwa mahali unapouweka.