Sarajevo haikuishi usiku tu

Wengi waliocheza This War of Mine, gemu iliyotoka Poland mwaka 2014, hudhani Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ilipozingirwa vitani watu walijifungia mchana na kupora usiku, kama ndani ya gemu hiyo. Kwanza, mji wa kwenye gemu ni Pogoren, wa kubuni. Sarajevo ilichangia wazo tu. Pili, kati ya Aprili 1992 na Februari 1996 raia walitoka mchana, watake wasitake: walipanga foleni na madumu kwenye kiwanda cha bia kuteka maji, huku wadunguzi wakiwa vilimani. Gazeti la Oslobođenje halikufa, ingawa jengo lake liliteketezwa. Mwaka 1993 waigizaji walicheza tamthilia ya mwandishi Samuel Beckett kwa mwanga wa mishumaa. Magendo? Yalikuwepo, tena mengi, mpaka kwenye handaki lililochimbwa chini ya uwanja wa ndege.