Ustahimilivu kwa Anayeishi na Ulemavu Unaoongezeka: Dhana Potofu na Ukweli

Ulemavu hufikiriwa zaidi kama tukio lililokwisha kupita: ajali ilitokea, mguu ukakatwa, mtu akauguza jeraha na kujifunza upya. Anayeishi na ugonjwa wa Parkinson, maltipo sklerosisi (ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo), kudhoofika kwa misuli au retina inayochakaa kidogo kidogo hana tukio moja la kulipa kisogo. Akishauzoea mkono unaotetemeka, miguu nayo inaanza kusita. Akishapanga upya nyumba, kazi na ratiba, mpango huo nao unapitwa na wakati. Ustahimilivu wake, basi, ni uwezo wa kujipanga tena na tena, na dhana nyingi zinazosambaa kumhusu hukosea kwa sababu zinamtaka ajipange mara moja tu, tena peke yake.

Dhana potofu: Mstahimilivu huomboleza mara moja, akaikubali hali yake na kusonga mbele.

Dhana hii imepata nguvu kutokana na hatua tano alizozieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, kuanzia kukana hadi kukubali, ambazo watu wamezigeuza ngazi ya kupandwa mpaka juu. Alizitoa katika mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo, si watu watakaoishi miaka 30 na mwili unaobadilika. Hawa inawafaa zaidi hoja ya mtafiti Simon Olshansky, ambaye mwaka 1962, akiandika kuhusu wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, alieleza huzuni ya kudumu inayopungua na kurudi, akaitetea kuwa ni mwitikio wa kawaida wa binadamu. Anayelia siku anapokabidhi funguo za gari kwa kuwa hawezi tena kuendesha hajarudi nyuma. Amepoteza kitu kipya, naye anakiomboleza.

Hata hivyo, si kila giza la moyo ni huzuni ya kawaida. Katika ugonjwa wa Parkinson, sonona inaweza kutokana na mabadiliko ya ubongo wenyewe, na wakati mwingine huanza kabla mtetemeko haujaonekana. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa ajikaze anaonewa, maana sonona ina tiba, zikiwemo dawa na ushauri nasaha.

Dhana potofu: Kutumia mkongojo au kiti cha magurudumu ni kusalimu amri.

Pengine hakuna dhana inayowagharimu watu kuliko hii. Mtazame anayekataa mkongojo anavyotembea ndani ya nyumba: mkono ukutani, kisha mgongo wa kiti, kisha ukingo wa meza, macho yameganda sakafuni na mazungumzo yamekatika kwa sababu akili yote iko miguuni. Akifika anakokwenda amechoka kiasi kwamba hana nguvu ya kufanya kilichompeleka. Taratibu anaanza kukataa mialiko, baadaye haalikwi tena, na watu humsifu kwa kutokubali kushindwa ilhali dunia yake imebaki chumba na sebule. Kiti cha magurudumu kinachotumiwa kwa safari ndefu tu, huku mtu akiendelea kutembea nyumbani, humwachia nguvu za kutumia kwa mambo anayoyathamini. Wapo wenye maltipo sklerosisi wanaofanya hivyo hasa, na wapita njia huwakodolea macho wanaposimama kutoka kitini, kana kwamba wamewafumania wakidanganya.

Wakati wa kuanza nao una uzito wake. Fimbo nyeupe ni rahisi zaidi kujifunza uoni ukiwa bado upo kiasi. Mwenye ugonjwa wa neva za mwendo, ambao huweza kumnyima mtu usemi, anaweza kurekodi sentensi nyingi mapema ili programu itengeneze sauti inayofanana na yake, itakayomsemea baadaye. Akisubiri hadi ulimi uwe mzito, kinachorekodiwa ni ulimi mzito. Wapo wanaochelea kwamba kujiandaa hivyo ni kujitabiria mabaya, lakini ugonjwa hausubiri kutabiriwa.

Dhana potofu: Kadiri unavyojilazimisha, ndivyo mwili unavyoimarika.

Jibu linategemea ugonjwa. Mazoezi ya mara kwa mara huwasaidia wenye Parkinson, na wenye maltipo sklerosisi, ambao zamani walishauriwa kupumzika, sasa wanahimizwa kuyafanya. Joto la mwili likipanda, huenda macho ya wenye maltipo sklerosisi yakafifia au miguu ikalegea kwa muda, jambo alilolieleza daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, mwaka 1890. Mwili ukipoa hali hurejea, wala si dalili kwamba neva zimeharibika zaidi. Katika ugonjwa wa Duchenne, ambao ni aina ya kudhoofika kwa misuli, kinyume chake, kunyanyua vyuma kunaweza kuzidi kuumiza nyuzi za misuli, kwa kuwa zimekosa protini ya kuzilinda. Ndiyo maana neno la mtaalamu wa tiba ya viungo anayeujua ugonjwa wenyewe linapaswa kutangulia hamasa ya jirani.

Dhana potofu: Utabiri wa daktari ni hukumu.

Ni makadirio yanayotokana na wagonjwa wengi. Mwanafizikia Stephen Hawking aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa neva za mwendo mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 21, akakadiriwa kuishi miaka miwili hivi. Alifariki mwaka 2018.

Dhana potofu: Ustahimilivu umo ndani ya mtu, ama anao, ama hana.

Hawking huyohuyo hutolewa kuwa ushahidi wa dhana hii, nami naona anatumiwa vibaya. Alikuwa na wauguzi usiku na mchana, kompyuta iliyomsemea, na chuo kikuu kilichoendelea kumpa kazi. Mwanasaikolojia Ann Masten, akipitia mwaka 2001 tafiti za watoto waliokulia katika dhiki, aliona kwamba wengi walisimama kwa nguvu ya mambo ya kawaida, kama vile kuwa na mtu mzima anayewajali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, nao unataja katika ibara ya 19 haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, pamoja na kupata usaidizi binafsi.

Msaada huo pia una namna yake, na anayesaidiwa ndiye mwenye kuielekeza. Anayevishwa shati anaweza kusema aanziwe mkono ulio dhaifu, kwa kuwa wenye nguvu utajipinda wenyewe kuingia. Maamuzi makubwa zaidi, kama vile mashine ya kupumulia, mrija wa kulishia na nani atasema kwa niaba yake, huandikwa wakati bado anaweza kusema, kisha hupitiwa upya kila hali inapobadilika.