Phalanx haijengi "ukuta wa risasi"

Picha za mzinga wa Phalanx ukinguruma kwenye manowari za Marekani zimewaaminisha wengi kwamba unajenga ukuta wa risasi, na kombora likiugusa tu limekwisha. Sivyo.

Mzinga huo una mitutu 6 ya milimita 20 inayozunguka, na hutema risasi 4,500 kwa dakika, yaani 75 kwa sekunde. Ghala lake hubeba 1,550. Ukifyatua mfululizo, hukauka baada ya sekunde 21 hivi. Ukuta gani huo? Kazi yenyewe ni kulenga: rada hufuatilia kombora pamoja na mkondo wa risasi, kompyuta hupima pengo kati yake, kisha husogeza mitutu mpaka pengo lizibike.

Shida kubwa ni umbali. Risasi hufaa ndani ya kilomita 1.5 hivi, na kombora linaloruka mita 300 kwa sekunde humaliza njia hiyo kwa sekunde 5. Likipasuliwa karibu, vipande bado vinakuja. Mwaka 1983 USS Antrim ilitungua ndege ya mazoezi isiyo na rubani. Mabaki yakadunda majini, yakaigonga meli na kuua mtu mmoja.

Tena lazima mzinga uwe umeruhusiwa kujiendesha. Mwaka 1987, manowari USS Stark ilipopigwa na makombora 2 aina ya Exocet katika Ghuba ya Uajemi, mzinga wake haukuwa umeruhusiwa. Mabaharia 37 walikufa.

Kwa hiyo makombora ya kujikinga ya masafa marefu na vyambo vya kuihadaa rada ya kombora hutangulia. Mzinga huachiwa kilichopenya.