Swali la baiskeli kwenye mtihani wa IELTS: linapima nini hasa?

Ukijiandaa hapa Uganda kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza chako, uwe muuguzi unayetaka kazi Uingereza au mwanafunzi unayetafuta chuo Canada, huenda ukakutana na maswali haya mapema: Ulikuwa na baiskeli ulipokuwa mdogo? Ulijifunza kuiendesha ukiwa na miaka mingapi? Kwenu watu wengi wanatumia baiskeli? Wengi hukimbilia kukariri kwamba baiskeli ni nzuri kwa afya, haichafui hewa, inaokoa pesa. Hapo ndipo wanapopotea.

Maswali ya aina hii ni ya sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuzungumza. Mtihani mzima ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini, na kila neno linarekodiwa. Sehemu hiyo ya kwanza huchukua dakika 4 hadi 5 na hugusa mambo ya kila siku. Ya pili unapewa kadi yenye mada ya kuzungumzia na dakika 1 ya kujipanga, ya tatu ni mjadala. Huko ndiko mambo mazito kama sera za barabara yanakofaa.

Mtahini hana haja na baiskeli yako. Anasikiliza vitu vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Hata ukisema unayo na huna, hakuna anayekukata alama kwa uongo huo. (Ila uongo unachosha: unatunga habari na huku unatafuta Kiingereza chake.) Mada imechaguliwa kwa sababu unaijua tayari, ili kinachobaki kupimwa kiwe lugha yako.

Sasa tuseme umeulizwa kama ulijifunza kuendesha utotoni. "Ndiyo, nilijifunza" si kosa, lakini umemfungia mtahini mlango. Jibu hili limeshiba: "Nilijifunzia baiskeli ya baba. Sikuwa nafika kwenye kiti, kwa hiyo nilikuwa napitisha mguu chini ya kile chuma cha juu na kukanyaga pedali nikiwa nimepinda upande mmoja. Siku hizi siendeshi sana, naogopa magari ya Kampala." Likisemwa kwa Kiingereza, jibu hilo lina mazoea ya zamani, sababu, na hali ya sasa, tena kwa sentensi tatu tu. Hiyo ndiyo sarufi pana wanayoitafuta, na ni vigumu kuionyesha kwa sentensi za kukariri kuhusu afya.

Kuhusu kama watu wengi hutumia baiskeli, Mganda hana sababu ya kukosa la kusema. Boda zenyewe zilianza na baiskeli, zikivusha watu na mizigo mpakani Busia tangu miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijachukua kazi. Na yule mtu wa matoke umemwona: mikungu imefungwa nyuma na ubavuni kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, naye hapandi, anaisukuma kilimani, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Ukimweleza huyo kwa maneno mepesi, msamiati wako unaonekana bila kutafuta maneno makubwa. Usipojua neno la kifaa fulani, eleza kinafanya nini. Kuzunguka neno usilolijua nako ni ustadi, na kunahesabiwa.

Lafudhi isikutie hofu, usijifanye Mwingereza. Kinachotakiwa ni kueleweka. Cha kuangalia zaidi, kwetu tunaozungumza Kiswahili, ni jinsia: lugha yetu haitofautishi mama na baba kwenye kitenzi, basi mtu anaanza kumsimulia mama yake aliyekuwa akienda sokoni kwa baiskeli, na sentensi ya pili anasema "he" badala ya "she", mama keshageuka mwanamume. Hilo lifanyie mazoezi kwa sauti.

Usiposikia swali, omba lirudiwe, hiyo ni haki yako. Na mtahini akikukatiza katikati ya habari za baiskeli na kuhamia kwenye chakula au muziki, usidhani umeharibu. Ana muda wake wa kufuata, na maswali ya sehemu hiyo anayasoma kama yalivyoandikwa.