Simu imeandika 14, lakini 14 ya nini?

Mama mdogo alinikabidhi simu kabla hata sijamaliza kumwamkia. "Marahaba, marahaba. Hebu nitazamie hii, mwanangu. Kuna kijana kaniambia vasheni yake imekwisha, nimpe elfu ishirini anipandishie."

Nikafungua Mipangilio, nikashuka hadi chini kabisa, Kuhusu simu. Toleo la Android: 12. Nikarudi nyuma nikagusa sasisho la mfumo. Simu ikazungusha kiduara chake, kisha ikajibu kwamba iko sawa, hakuna kipya. Mama mdogo akashusha pumzi. "Si umeona? Iko sawa. Yule mwizi tu."

Kuhusu elfu ishirini sikuwa na la kumpinga. Kwenye "iko sawa" ndipo tulipobishana mpaka chai ikapoa. Swali la simu inatumia vasheni gani linasikika dogo, kumbe lina majibu manne, na wengi wetu tunashika lile lisilo na kazi kubwa.

Dhana: vasheni ni namba moja

Hii ndiyo iliyozaa nyingine zote. Ukifika Kuhusu simu na kugusa mstari wa toleo la Android (kwenye Samsung utapitia kwanza sehemu ya taarifa za programu), utakuta mambo kadhaa yamepangwa. La kwanza ni Android yenyewe. La pili ni vazi ambalo kampuni iliyotengeneza simu imeivisha Android hiyo: HiOS kwa Tecno, XOS kwa Infinix, One UI kwa Samsung, HyperOS kwa Xiaomi. La tatu ni tarehe ya kiraka cha usalama. La nne ni tarehe ya sasisho la mfumo wa Google Play. Chini yake kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo, na nambari ya muundo, herufi na tarakimu ndefu kama namba ya luku, ambazo fundi anazihitaji kuliko wewe.

Mwili na vazi ndivyo vinavyochanganya watu zaidi, kwa sababu vyote viwili vina namba na namba hizo hazitembei pamoja. Wenye Xiaomi walipopata MIUI 14, vazi la kampuni hiyo kabla ya HyperOS, kuna waliojisifu kwamba wana Android 14, na huku chini ya hiyo MIUI kulikuwa na Android 13, wengine 12. Kwa Samsung mambo yamegeuka: anayeona One UI 6 anadhani simu yake ni ya kale, kumbe One UI 6 inakaa juu ya Android 14, na One UI 7 juu ya Android 15. Android 6 halisi ilitoka mwaka 2015.

Hata iPhone, yenye kampuni moja tu inayotengeneza simu na mfumo wake, imewachanganya watu. Septemba 2025 Apple waliruka kutoka iOS 18 kwenda iOS 26, ili namba ifanane na mwaka. Mwenye iOS 18 hajaachwa nyuma kwa matoleo manane. Ameachwa kwa moja.

Ukiulizwa vasheni na mtu wa huduma kwa wateja, au na programu inayogoma kuingia, anachotaka ni namba ya Android. Msomee hiyo, vazi liache.

Dhana: simu ikisema iko sawa, basi ni ya kisasa

Hapa ndipo chai ilipopoa.

Simu inapozungusha kile kiduara haiendi kuuliza dunia nzima kuna Android gani mpya. Inauliza seva ya kampuni iliyoitengeneza: je, mna chochote kwa ajili ya modeli hii? Kampuni ikiwa iliacha kuihudumia modeli hiyo miaka miwili iliyopita, jibu litakuwa lile lile kila siku: hakuna kipya. Ni kama kuuliza dukani kama kuna barua yako na wewe hujulikani tena huko. Muuzaji hadanganyi akisema hakuna.

Njia yenyewe ni ndefu. Google wanatoa Android, mtengenezaji wa chipu anaandaa sehemu yake, kampuni ya simu inaivisha vazi lake na kuijaribu, ndipo inatumwa. Kila hatua ina gharama, na simu ya bei nafuu haimlipi mtu kuendelea na kazi hiyo kwa muda mrefu. Google kwa Pixel 8 mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024 waliahidi miaka saba ya masasisho. Simu nyingi tunazonunua kwa laki mbili na ushee haziko kwenye ahadi ya namna hiyo.

Basi mstari wa kutazama ni ule wa tatu, tarehe ya kiraka cha usalama. Kwenye simu ya mama mdogo iliandikwa 5 Machi 2023. Maana yake, matundu ya usalama yaliyotangazwa hadi tarehe hiyo yamezibwa, na yaliyotangazwa baada yake yako wazi. Tarehe hizo kwa kawaida huwa ni tarehe 1 au tarehe 5 ya mwezi. Utaratibu wenyewe ulianza Agosti 2015, mwezi mmodi baada ya kutangazwa tundu lililoitwa Stagefright, ambalo lilimwezesha mtu kuishambulia simu ya Android kwa kuipelekea ujumbe wa MMS (wa picha au video) tu, hata kabla mwenyewe hajaufungua. Tangu hapo Google hutoa orodha ya matundu na viraka vyake, na watengenezaji huvichukua, baadhi kila mwezi, wengine kila baada ya miezi kadhaa, wengine wakikumbuka.

Kumbuka kwamba orodha hiyo inasomwa na kila mtu, mwizi akiwemo. Tundu likishatangazwa, simu isiyozibwa ni nyumba ambayo mtaa mzima unajua komeo lake limevunjika.

Ukiniwekea mezani simu mbili, moja Android 14 yenye kiraka cha miaka miwili iliyopita na nyingine Android 13 yenye kiraka cha mwezi jana, nitaichukua ya 13 bila kufikiri mara mbili. Muuzaji wa dukani atakusifia ile ya 14.

Sasa ule mstari wa nne. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, baadhi ya vipande vya mfumo vinasasishwa moja kwa moja na Google, bila kumsubiri mtengenezaji. Ndiyo maana simu ya zamani inaweza kuwa na tarehe mbili zilizoachana mbali. Hilo ni jambo jema, ila lisikulaze usingizi: sasisho hilo halifiki kwenye kerneli wala kwenye programu za chipu. Huko bado unamtegemea aliyekuuzia.

Dhana: kilichoandikwa kwenye Mipangilio hakidanganyi

Kinadanganya, tena kirahisi. Jina la toleo unaloliona pale ni maandishi yaliyohifadhiwa kwenye faili ndani ya mfumo. Mwenye kutengeneza simu feki anaandika 13 mahali palipokuwa na 8, na skrini inasoma alichoandikiwa.

Jirani yangu mmoja alinunua simu ya namna hiyo kwa mtu wa mkononi. Kwa nje inapendeza, kamera nne nyuma (tatu ni vioo vitupu), na kwenye Kuhusu simu imeandikwa Android 13. Programu ya benki ikakataa kuingia, ikidai mfumo ni wa zamani. Akaja analalamika kwamba benki ina matatizo.

Nilifanya jambo moja tu: nilifungua kamera na kutazama pembe ya juu kulia ya skrini. Kuanzia Android 12, programu yoyote ikishika kamera au maikrofoni, hapo juu hutokea alama ndogo ya kijani. Pale hapakuwa na kitu. Nikanakili maneno kutoka kwenye ujumbe: Android 13 huonyesha kijisanduku cha ulichonakili chini kushoto. Hakuna. Nikaingiza programu mpya ambayo ingepaswa kuomba ruhusa ya kutuma arifa, kama ilivyo tangu 13. Haikuomba. Dalili moja peke yake isikutie wasiwasi, maana watengenezaji wana mbwembwe zao, lakini tatu zikikosekana kwa pamoja ujue umepigwa.

Namba iliyo ngumu zaidi kughushi ni kiwango cha SDK, ambacho programu za kukagua simu hukionyesha. Android 13 ni 33, Android 14 ni 34, Android 10 ni 29. Programu zote hutegemea namba hiyo kujua zifanye kazi vipi, kwa hiyo anayeipandisha kwa uongo anaharibu simu yenyewe. Ya jirani ilisema 27. Hiyo ni Android 8.1.

Na hapa niwakumbushe wale wanaopiga *#06# wakitafuta vasheni. Namba hiyo inatoa IMEI, yaani utambulisho wa kifaa, na haisemi lolote kuhusu vasheni. Faida yake ni nyingine: Tanzania unaweza kuituma IMEI kwenda 15090 ukaambiwa kama inatambulika, utaratibu tuliouzoea tangu simu feki zilipozimwa Juni 2016. Kenya walizima za kwao mapema zaidi, Septemba 2012.

Dhana: kusasisha kunafuta picha, na kurejesha mipangilio ya kiwandani kunarudisha vasheni ya zamani

Yote mawili hapana. Sasisho la kawaida linalokuja hewani haligusi picha wala jumbe zako, ingawa kuhifadhi nakala kabla ni akili. Na ukiifuta simu yote baada ya kusasisha, itaamka tupu lakini kwenye toleo lile lile jipya, kwa sababu unachofuta ni vitu vyako, mfumo unabaki. Kinachofuta kila kitu mara nyingi ni ile kazi ya fundi ya kuflashi, yaani kuandika mfumo wote upya. Hiyo nayo ina mpaka: fundi anaweka mafaili ambayo mtengenezaji ameyatoa. Yasipokuwepo, atakuwekea mfumo uliopikwa na watu wengine, kama upo kwa modeli yako, na hapo usishangae programu ya benki ikikukimbia.

Dhana: kusasisha programu zote Play Store kunapandisha Android

Hakupandishi. Na tangazo linalotokea ukiwa unasoma habari, lenye mtetemo na maandishi mekundu kwamba mfumo wako umepitwa na wakati, pakua hapa, halijui lolote la maana kuhusu simu yako. Sasisho halisi la mfumo haliji kupitia tovuti ya matokeo ya mpira. Funga ukurasa.

Dhana: Android ya zamani itazimika siku moja

Haizimiki, inanyauka. Mama mdogo hofu yake kubwa ilikuwa WhatsApp. Nilimtuliza: mwaka 2025 WhatsApp ilikuwa bado inakubali Android 5.0, toleo la mwaka 2014, na yeye yuko 12. Kwa iPhone walikuwa wanataka iOS 15.1.

Kunyauka huanzia mahali ambapo watu hawapatazamii. Simu hubeba orodha ya vyeti vya kuaminika, ambavyo huvitumia kuthibitisha kwamba tovuti ni ya kweli. Simu zilizo chini ya Android 7.1.1 hazina cheti kikuu cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa tovuti nyingi mno. Cheti cha zamani kilichokuwa kikizibeba kiliisha muda Septemba 2021, ikatafutwa njia ya kuzivusha hadi Septemba 2024, kisha basi. Mwenye simu kama hiyo anaona tovuti zinagoma kufunguka moja baada ya nyingine, anailaumu bando, anabadilisha laini, anakwenda kugombana na wakala.

Tuliporudi kwenye simu ya mama mdogo nilikuwa na jambo moja tu la kufanya. Niligusa mstari wa sasisho la mfumo wa Google Play, kukawa na kitu cha kupakua, simu ikajizima na kuwaka, na tarehe ya pale ikasogea. Android ikabaki 12. Kiraka kikabaki Machi 2023. Nikamfutia na programu mbili alizotumiwa kwenye kundi la kikoba na kuziingiza bila kupitia Play Store.

Bado tumeshika simu, yule kijana akapiga. Mama mdogo akaweka spika. "Nimeambiwa vasheni ziko nne. Wewe utanipandishia ipi?"

Kijana hakusita hata kidogo. "Zote, mama. Elfu ishirini hiyo hiyo."