Je, wajua kwa nini vijiti viwili vya mtandao vinaweza kuvishinda vinne?

Kwa watu wengi Uganda, intaneti ya nyumbani ni hotspoti ya simu au kifaa cha MiFi (kisanduku kidogo chenye laini ya simu kinachogawa Wi-Fi), na hiyohiyo ndiyo inayopandishwa kwenye gari safari ya Murchison au Kisoro ikifika. Ndiyo maana jambo hili linawashangaza wengi: vijiti vinne vimejaa, bando ni jipya, na video haifunguki. Wakati huohuo mtu wa chumba cha pili ana vijiti viwili na anatazama bila kukwama. Wa kwanza huamini kwamba kampuni ya simu inambania, au kwamba kifaa kimeharibika. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: vijiti havipimi kasi, na havikuundwa kuipima.

Tuanze na vijiti vyenyewe, maana kuna vya aina mbili na watu huvichanganya. Alama ya Wi-Fi kwenye kompyuta inahusu zile mita chache kati ya kompyuta na simu inayogawa intaneti. Ikijaa, maana yake ni kwamba simu iko karibu, basi. Haijui lolote kuhusu mnara. Vijiti vya mnara viko kwenye simu au kwenye MiFi, na hivyo ndivyo vya kutazama.

Navyo vina udhaifu. Hakuna kipimo cha kimataifa kinachosema kijiti kimoja ni nguvu kiasi gani. Kila mtengenezaji hujipangia. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilitangaza hadharani kwamba hesabu iliyotumia kuchora vijiti kwenye iPhone ilikuwa na makosa, na mara nyingi ilionyesha vijiti viwili zaidi ya inavyostahili. Kwa hiyo kulinganisha vijiti vya simu mbili za kampuni tofauti hakukupi jibu la kuaminika.

Kinachopimwa nyuma ya vijiti, kwa 4G, ni nguvu ya mawimbi yanayokufikia, iitwayo RSRP. Huandikwa kwa hasi, kwa kipimo cha desibeli kiitwacho dBm: -80 ni nzuri, -100 ni ya wastani, -115 inakaribia kukatika. Kila desibeli 10 zikipungua, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kutoka -80 hadi -110 nguvu imepungua mara elfu moja. Ajabu ni kwamba simu bado inasoma. Lakini hata namba hii haikuambii utapata kasi gani.

Chukulia darasa la shule ya msingi lenye wanafunzi mia moja na mwalimu mmoja. Vijiti vinakuambia sauti ya mwalimu inakufikiaje. Wa dawati la mbele anaisikia vizuri, lakini anachongoja ni kusahihishiwa daftari, na kukaa mbele hakupunguzi madaftari yaliyo mezani. Mwandiko nao una uzito wake: daftari lisilosomeka humchukua mwalimu muda mara tatu, na wote wenye madaftari chini yake wanacheleweshwa. Kisha kuna darasa la jirani. Ukuta ukiwa mwembamba na mwalimu wa huko naye akasoma kwa sauti ileile, utasikia sauti kubwa mbili bila kupata neno hata moja.

Mnara wa 4G unafanya kazi hivyohivyo. Kwenye masafa yenye upana wa megahezi 20, kila milisekunde moja una vipande 100 vya nafasi ya kutumia data, vya kugawa kwa wote walio upande wake. Kwa antena mbili na hali nzuri kabisa, vipande vyote 100 vinatoa takriban megabiti 150 kwa sekunde. Vifaa 50 vikivuta kwa pamoja kwa mgawo sawa, kila kimoja kinabaki na megabiti 3, hata kama vijiti vyake vimejaa. Na mwandiko ndio huu: mwenye mawimbi safi hubeba biti 6 kwa kila alama inayotumwa, mwenye mawimbi machafu hubeba 2. Kwa faili lilelile, huyu wa pili anakula vipande mara tatu.

Darasa la jirani lina kipimo chake, SINR, yaani mawimbi yako yakilinganishwa na kelele pamoja na minara mingine. Zaidi ya 20 ni bora, 13 inatosha, chini ya 0 ni shida. Hapa ndipo vilima vya Kampala vinapoleta kisa kinachopendeza. Nyumba iliyo juu Muyenga au Naguru inaona minara mingi kwa wakati mmoja, yote ikiwa na nguvu. Vijiti vinajaa na SINR inaanguka. Aliye bondeni anaweza kuona mnara mmoja tu, kwa vijiti vichache, akasikia kila neno.

Masafa nayo yanachangia. Megahezi 800 hufika mbali na hupenya kuta, kwa hiyo hujaza vijiti, ila kwa kawaida ni membamba na watu wengi wamejazana humo. Megahezi 2600 huchoka mapema ukutani, lakini huweza kuwa mapana zaidi. MiFi iliyosogezwa dirishani inaweza kuhamia huko, ikapoteza kijiti na kuongeza kasi.

Namba hizi zinaonekana bila fundi. Kwenye Android nyingi, fungua mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya SIM. Utaona nguvu kwa dBm. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Kwa MiFi, andika 192.168.8.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, kutegemea kifaa, utafute RSRP na SINR. Kisha zunguka nyumba nzima, ukisubiri dakika moja kila mahali. Paa la mabati huzuia sana mawimbi, kwa hiyo anza na madirisha. Fuata SINR, usifuate vijiti.

Pima kasi saa kumi na moja alfajiri na tena saa tatu usiku, palepale. Jaribio moja la siku moja halithibitishi kitu, nalo lina gharama: sekunde 10 kwa megabiti 40 zinakula megabaiti 50. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbovu, ni msongamano. Hapo laini ya kampuni nyingine husaidia kuliko kuhamisha kifaa. Zote zikiwa mbovu na SINR iko chini, tatizo ni mahali kifaa kilipo. Zote zikiwa mbovu huku SINR ni nzuri, huenda kiungo kinachotoka mnarani ndicho chembamba, jambo la kutarajiwa kwenye minara ya mbali.

Garini, bodi ya chuma inazuia mawimbi, kwa hiyo MiFi ikae karibu na kioo, lakini si juu ya dashibodi juani: betri za lithiamu hazifai kuchajiwa zikizidi nyuzi 45. Antena ya nje inasaidia kweli kama MiFi ina matundu yake, kwa kawaida mawili; chomeka nyaya zote mbili, la sivyo unaweza kupoteza faida ya antena pacha. Beba laini za kampuni mbili, na pakua ramani kabla ya kuondoka.

Karibu na Katuna, Malaba au Mutukula, kifaa huweza kudaka mnara wa nchi jirani na kuanza kula salio kwa bei nyingine. Zima data ya nje ya nchi na uchague mtandao kwa mkono. Ukiona namba badala ya jina, 641 ni Uganda, 639 Kenya, 640 Tanzania, 635 Rwanda.