Majaribio ya Dawa za Skleroderma: Tupime Ngozi au Mapafu?

Kabla ya kuuliza kama dawa mpya ya skleroderma, ugonjwa wa kinga ya mwili unaokakamaza ngozi na unaoweza kuathiri mapafu na utumbo, inafaa, watafiti hulazimika kuamua watapima nini. Kwa miaka mingi wamepima ngozi: daktari huibana kwa vidole katika sehemu 17 za mwili na kutoa alama 0 hadi 3 kwa kila sehemu, jumla ya juu kabisa ikiwa 51. Kipimo hiki hakihitaji mashine, nami hukitumia kliniki, lakini kina udhaifu ambao naona tulichelewa kuutilia maanani. Wagonjwa wengi wenye aina inayoenea mwilini hukakamaa ngozi katika miaka ya mwanzo, kisha ngozi hiyo huanza kulainika yenyewe, hata bila tiba. Hivyo aliyepewa dawa bandia, yaani isiyo na kiambato cha tiba na inayotolewa kwa ajili ya kulinganisha tu, naye huonekana kupata nafuu, na tofauti kati ya makundi mawili hufifia.

Ndivyo ninavyolisoma jaribio la dawa ya tocilizumab lililochapishwa mwaka 2020, likiwa na wagonjwa 210. Lengo lake kuu lilikuwa alama za ngozi, na halikufikiwa. Hata hivyo, kiasi cha hewa ambacho wagonjwa waliweza kukitoa kwa nguvu baada ya kuvuta pumzi ndani kabisa kilihifadhika zaidi kwa waliotumia dawa, na mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa wa mapafu unaotokana na skleroderma.

Jaribio la dawa nyingine, nintedanib, la mwaka 2019, lenye wagonjwa 576, lililenga mapafu tangu mwanzo. Waliotumia dawa walipoteza wastani wa mililita 52 za kiasi hicho cha hewa kwa mwaka, ilhali wa dawa bandia walipoteza 93. Ngozi haikuonyesha tofauti, na takriban robo tatu ya waliotumia dawa waliharisha. Kwa mgonjwa ambaye tayari utumbo wake umeathirika, hilo si jambo dogo.

Mwaka 2024 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walieleza matokeo ya kuzichukua seli T (aina ya seli za kinga) za mgonjwa mwenyewe, kuzibadili maabarani na kumrudishia ili ziangamize seli B, aina nyingine ya seli za kinga inayodhaniwa kuchochea ugonjwa. Kati ya wagonjwa 15 waliotibiwa, wanne walikuwa na skleroderma. Matokeo yanatia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kwa hiyo ninapoulizwa kama ngozi yao ililainika, hutaka kwanza kujua ugonjwa ulikuwa na umri gani walipotibiwa.